Nyumba Mbili Haziangaliani: Bao, Historia Yake na Zawadi ya Bibi Harusi



Wengi wenu mnanijua kwa mambo ya kushona: magauni ya harusi, mabuibui, mapazia, foronya za kitanda cha bibi harusi. Leo naiweka sindano pembeni. Nataka kuzungumzia kipande cha mti kilichoninyima usingizi mwezi wa Shaaban uliopita. Harusi ilikuwa kabla ya Ramadhani, pesa ya ubao nilishaitoa mfukoni mwangu, na zawadi yenyewe ikakaribia kuharibika mara mbili. Mara ya kwanza kwa kosa langu mwenyewe. Mara ya pili kwa sababu ya neno moja la Kiswahili.

Ilikuwa hivi. Bibi harusi mmoja alikuja kujaribu gauni lake la nikaha. Nikiwa nimepiga magoti nampima pindo, akaniuliza kama namjua fundi wa kuchonga bao. Si yale madogo ya madukani yanayokunjwa kama kitabu, yenye safu mbili na gololi za rangi, wanayonunua watalii. Alitaka bao lenyewe, la safu nne, alilokuwa akicheza na marehemu baba yake alipokuwa mdogo. Anataka kuingia nalo kwake pamoja na vitu vya sanduku, ili siku zile saba za fungate wawe na kitu cha kufanya yeye na mumewe zaidi ya kutazama simu.

Nikamwambia nitalichonga mwenyewe. Nilisema kabla sijafikiri. Lakini haikuwa porojo tupu: mjomba wangu kule Pemba ni seremala, na likizo zote za skuli nilizipitisha karakanani kwake nikishika randa na msasa kabla sijaenda kusomea ushonaji. Mpaka leo uwani kwangu, nyuma ya chumba cha vyarahani, kuna meza ya kazi, patasi nne, kekee na jiriwa moja kuukuu. Natengeneza vibao vya kukatia mboga, mbuzi za kukunia nazi na vijisanduku vya udi. Bao sikuwahi.

Kwa wasiolijua, bao la Kiswahili ni ubao wenye mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake. Kete ni 64, na kwa asili ni komwe, zile mbegu za kijivu, ngumu na laini, za mkomwe, mmea wenye miiba unaotambaa karibu na pwani. Ganda lake nalo lina miiba, kwa hiyo ukienda kuokota vaa viatu na usiende na kanga unayoipenda.

Katika safu ya mbele ya kila mchezaji, shimo moja halichongwi mviringo. Linachongwa mraba, nalo linaitwa nyumba. Mchezo unapoanza, nyumba ina kete sita, mashimo mawili ya kulia kwake yana kete mbili mbili, na kete 22 zinabaki mkononi mwa kila mmoja. Hizo za mkononi huingizwa moja moja. Hatua hiyo ndiyo kunamua. Zikimalizika mkononi, wachezaji huanza mtaji, yaani kutembeza zile zilizomo ubaoni. Ukimla mwenzako, kete unazozipata unazipanda upande wako kuanzia kichwa, shimo la mwisho la safu ya mbele. Usipokula, unatakata. Anayebakishwa bila kete safu ya mbele kashindwa. Nyumba ina heshima yake: mwenye nyumba anapokula na kete ya mwisho ikaangukia mle, anaweza kulala, au akaivunja akasafiri na kete zote. Nimesikia wazee wakigombana barazani kwa ajili ya kulala na kusafiri kuliko wanavyogombana kwa mpira.

Mchezo huu si wa kwetu peke yetu. Malawi wanauita bawo. Uganda wana omweso, nao pia ni mashimo 32 na kete 64, ila hauna nyumba ya mraba. Oman wana hawalis, ndugu wa karibu, ambao hapa tumezoea kuuita bao la Kiarabu. Katika kitabu chake juu ya kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, kilichochapishwa mwaka 1658, Mfaransa Étienne de Flacourt alitaja mchezo wa jamii hiihii. Kwa hiyo watu wa visiwa hivi na mwambao huu wamekuwa wakihesabu kete na kuzihamisha karne nyingi, na majahazi ya kusi na kaskazi yalipopita na watu, michezo nayo ilipita. Mombasa, mshairi Muyaka bin Haji, aliyeishi mpaka karibu na mwaka 1840, alitunga beti kwa lugha ya bao, na wasikilizaji wake walielewa bila kufafanuliwa. Ubao uliokuwa unajulikana kiasi cha kuingia kwenye mashairi ya siasa haukuwa mchezo wa watoto.

Hapa Unguja, Mwingereza W. H. Ingrams, aliyefanya kazi serikalini Zanzibar, aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1931. Baadaye akaja Mholanzi Alex de Voogt, akakaa na mabingwa wa Zanzibar, akaandika kitabu kizima mwaka 1995 juu ya namna akili zao zinavyofanya kazi: jinsi bingwa anavyoweza kuona mbele mzunguko mrefu wa kete bila kuzigusa. Ukisoma habari hizi zote utaona watu ni wanaume, na mahali ni barazani. Wageni waliandika walichokiona, na mgeni mwanamume haingii uwani.

Nitarudi hapo. Kwanza niwaambie nilivyoharibu.

Mjomba alinipa ubao wa mwembe. Nikaukata urefu sentimita 72, upana 36, unene 5. Kila shimo nikalipangia upana wa sentimita 7 na kina cha 3, na nafasi ya sentimita moja baina ya shimo na shimo. Hesabu inakaa vizuri, mnaweza kuifuata. Kama fundi wa nguo yeyote, sikuthubutu kuchora moja kwa moja kwenye mti. Nilichukua karatasi ile ya kukatia magauni, nikaikunja katikati, nikachora upande mmoja tu, nikatoboa kwa sindano, nikaikunjua. Ndivyo tunavyokata kifua cha gauni: unakunja ili kulia kufanane na kushoto. Ikatoka safi. Nikaibandika ubaoni, nikapitisha chaki, nikaanza kazi.

Mashimo ya mviringo yana utaratibu. Unachora kwa bikari, unatoboa katikati kwa kekee, na kwenye keo unafunga kipande cha tepu kwa kipimo cha sentimita mbili na nusu ili usipitilize ukatoboa upande wa pili. Halafu unafuata na patasi ya mviringo na nyundo ya mti, ukizunguka kutoka ukingoni kwenda kati, vipande vidogo vidogo. Ukitaka kumaliza haraka, mti unachanika kufuata nyuzi zake na ukingo unaondoka. Kulainisha, nilikata mpira wa tenisi nusu, nikauvisha msasa, nikauzungusha ndani ya shimo. Hilo la mpira ni langu, mjomba hanalo, na nimeshamwambia.

Kila siku baada ya Isha, watoto wakishalala, nilichonga. Siku 12. Siku ya 12 bibi yangu, mama yake mama, alikuja kutoka Pemba kwa mambo yake ya hospitali akafikia kwangu. Akatoka uwani na kikombe cha chai, akainama, akatazama ubao. Akasema, "Mjukuu wangu, nyumba haziangaliani."

Sikumwelewa. Akaweka kidole kwenye mraba wa upande wangu, akahesabu kutoka kulia: moja, mbili, tatu, nne. Akauzungusha ubao, akahesabu upande wa pili kutoka kulia: moja, mbili, tatu, nne. Shimo la nne lilikuwa mviringo. Mraba ulikuwa kwenye la tano.

Nyumba ya kila mchezaji ni shimo la nne kutoka mkono wake wa kulia. Na kwa kuwa wachezaji wamekaa wakitazamana, kulia kwangu ni kushoto kwako. Kwa hiyo nyumba mbili zinakaa mshazari, zinapishana kwa shimo moja. Karatasi yangu niliyoikunja ilizifanya ziangaliane uso kwa uso. Ningeizungusha badala ya kuikunja, isingekuwa na shida. Ujuzi wangu wa miaka 14 wa kukata nguo ndio ulioniponza.

Shimo la mraba huwezi kulirudisha mviringo. Ubao ule sasa uko dukani kwangu juu ya meza ya chereheni, umejaa vifungo: vya lulu shimo hili, vya dhahabu shimo lile, sindano za mashine kwenye zile nyumba mbili zinazoangaliana. Wateja wanausifia sana.

Lakini usiku ule sikucheka. Nilimuuliza bibi alijulia wapi, maana katika maisha yangu sikuwahi kumwona amekaa na bao. Akaniangalia kama nimemuuliza alijifunzia wapi kupika wali. Kwao Pemba, msimu wa karafuu, wanawake walikuwa wakishaanika karafuu kwenye majamvi hawawezi kwenda mbali, kwa sababu ya mvua na kuku. Wakikaa hapo hapo kuzilinda, wanachimba mashimo ardhini kwa kijiko cha kifuu, safu nne, na kete ni komwe au vijiwe. Nyumba wanaichimba kwa pembe nne kwa kisu. Mama yake alikuwa anamshinda mumewe, na hilo halikusemwa nje ya kitongoji. Wanaume walipokuja, wanawake walifukia mashimo kwa mguu wakainuka kugeuza karafuu.

Nimelifikiria sana jambo hili. Ubao wa mwanamume ulibaki: uko barazani, unarithiwa, unapigwa picha, unaandikwa na Ingrams. Wa mwanamke ulifukiwa kwa mguu jioni ileile. Mtu akiniambia leo kwamba bao si la wanawake, namwuliza ameuliza mabibi wangapi.

Ubao wa pili ulikuwa wa mfenesi. Mjomba aliupakia kwenye meli baada ya kunicheka kwa simu muda mrefu. Ulikuwa umekatwa miaka mitatu nyuma na kukaushwa kivulini, na hilo ni muhimu: mti mbichi ukishachongwa hupasuka, na hupasuka pale pembamba, baina ya shimo na shimo. Mfenesi ni wa manjano ukiwa mpya, kisha unaiva taratibu kuwa kahawia kama asali. Nilimaliza kwa siku tisa. Mara hii bibi alikaa karibu yangu na tasbihi yake, na kabla sijakata nyumba alihesabu yeye. Sikupaka vanishi, inang'aa kama meza ya hoteli na kete zinateleza. Nilipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, nikasugua kwa kitambaa mara tatu. Kete 64 nikazishonea kifuko kutoka kwenye kipande kilichobaki cha kitambaa cha gauni lake la nikaha, na kamba ya kukazia.

Likabaki wiki moja na nusu. Hapo ndipo likaja lile neno.

Mama wa bibi harusi alinipigia simu sauti imemkauka. Shangazi wa bwana harusi, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba ile, amesikia kwamba mkwe anaingia na bao na komwe. Kasema katika nyumba yake hapatapigwa bao.

Kama umekulia hapa unajua kilichomshtua. Kwa Kiswahili chetu kupiga bao ni kutazamia, ni kupiga ramli. Mganga hupiga bao kutafuta mchawi au mali iliyopotea, na wengine hutumia komwe hizohizo. Kucheza bao ni jambo jengine kabisa, lakini ubao unaitwa bao, na hilo la mganga linaitwa bao, na ukisikia "bao na komwe" ndani ya sanduku la bibi harusi, moyo unakwenda mbali. Shangazi hakuwa mjinga. Alikuwa anailinda nyumba yake dhidi ya shirki, na katika hilo mimi na yeye tuko pamoja.

Lakini alisema na la pili: hata kama ni mchezo tu, michezo ya ubao ni haramu, kama kamari. Hapo sikuwa na jibu. Na sikutaka kuuza kitu cha haramu kwa bibi harusi kwa sababu tu nimeshatoa pesa ya ubao. Nikaenda kwa ustadhi anayetusomesha darsa letu la akina mama. Namnukulu kwa nilivyofahamu, na makosa ni yangu.

Alianza kwa kutenganisha. Ramli haina mjadala, ni haramu. Kamari haina mjadala, ni haramu, iwe kwa bao, karata au mpira. Na mchezo wa nardi, ule wa kurusha dadu, Mtume swalla Allahu alayhi wasallam ameukataza. Hayo yamekwisha. Sasa kuna chesi, ambayo wanavyuoni wamekhitalifiana. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa mwambao, inahesabiwa makruhu, na inakuwa haramu ikiingiwa na kamari au ikimpotezea mtu Sala yake.

Kisha akatoa kitabu. Imamu Nawawi aliandika Minhaj, ambao masheikh wetu wa pwani wamesomeshwa na kusomesha. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria, aliusherehesha katika kitabu kinachoitwa Tuhfat al-Muhtaj. Kwenye mlango wa ushahidi, pale wanapojadili ni mtu gani ushahidi wake unakataliwa, anaeleza tofauti ya nardi na chesi. Nardi imesimama juu ya bahati, unasubiri dadu ikupe. Chesi imesimama juu ya hesabu na fikra. Halafu anapima michezo mingine kwa kipimo hicho, na anautaja kwa jina mchezo wa manqala: mashimo au mistari ambayo vijiwe huhamishwa ndani yake kwa hesabu. Akauweka upande wa hesabu, akasema si haramu, ila kama hesabu yake inafuata kitu kinachorushwa.

Nilikaa kimya. Manqala ni neno la Kiarabu linalotokana na kuhamisha, na mashimo na vijiwe vinavyohamishwa kwa hesabu ndicho nilichokuwa nacho uwani. Mwanachuoni wa Makka, zaidi ya miaka 400 iliyopita, alikuwa ameshalijibu swali la shangazi wa bwana harusi. Ustadhi akaongeza kwamba si haramu haina maana uukalie mpaka alasiri ikupite, na kwamba madhehebu mengine yana ukali zaidi, kwa hiyo kila mtu amuulize mwalimu wake. Nami nawaambia hivyohivyo. Hii si fatwa, ni fundi cherehani anasimulia.

Tulikwenda kwa shangazi watatu: mimi, mama wa bibi harusi, na bibi yangu aliyekataa kubaki nyumbani. Niliufunika ubao kwa kanga. Nikaeleza kuhusu dadu na hesabu, kuhusu Minhaj, kuhusu kupiga na kucheza. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Akaufunua ubao, akapitisha kiganja juu ya mfenesi, akasema kazi nzuri. Kisha akasema ubao utaingia, ila komwe hazitaingia. Alikuwa na sababu zake. Aliwahi kuona komwe zikimwagwa mbele ya mgonjwa wa nyumba yake mwenyewe, pesa zikaliwa na mgonjwa akafa. Sikubishana naye, na bibi yangu naye akanyamaza, jambo ambalo ni nadra.

Nikaenda dukani nikahesabu vifungo vya koti vya mbao, vikubwa, 64, nikavitia katika kile kifuko cha nikaha. Komwe nikazirudisha kwenye chupa.

Harusi ilipita, alhamdulillah, na gauni halikuvuja mshono hata mmoja. Baada ya fungate bibi harusi alikuja dukani na mumewe akimsubiri nje kwenye pikipiki. Nilidhani anataka kupunguziwa buibui. Akatoa kifuko, akakiweka juu ya meza. Vifungo ni bapa, anasema, havishikiki, ukivichota vinne vinakuja vitatu, na kila siku wanagombana nani kaiba. Shangazi ndiye aliyesema waende kwa yule fundi wakachukue zile kete za kweli. Jana usiku alikaa nao kutazama mpaka saa nne, akawa anamwambia mpwa wake ahesabu vizuri.

Nikamhesabia 64 na mbili za akiba. Vifungo alinirudishia 63.